Tope Lililolisha Mji wa Rostov

Vitabu vingi vya jiografia hueleza kuwa mji ni mahali ambapo watu hawaishi kwa kilimo. Miji mingi ya majimbo ya Urusi katika karne za 18 na 19 haikuifuata kanuni hiyo. Mfano mmoja ni Rostov, mji wa kale ulioko yapata kilomita 200 kaskazini-mashariki ya Moscow. (Msomaji asiuchanganye na mji mkubwa wa jina hilo ulioko kwenye Mto Don.)

Mnamo mwaka 1779 serikali ya Malkia Catherine wa Pili iliidhinisha ramani mpya ya Rostov. Barabara zilinyoshwa kuelekea katikati ya mji, na nyumba zikapangwa kwa mistari. Lakini nyuma ya nyumba hizo yalibaki matuta ya mboga, na vijiji vya jirani navyo viliishi kwa bustani.

Chanzo cha neema hiyo ni Ziwa Nero, ambalo mji uko kando yake. Kina chake ni kifupi mno. Mimea na viumbe vidogo vinapokufa huzama, na kwa kuwa oksijeni ni haba ndani ya tope, haviozi kabisa. Hivyo kwa maelfu ya miaka limejengeka tabaka nene la tope lenye mboji na naitrojeni. Wenyeji walilitumia kuwa mbolea. Tope bichi halifai. Sharti kwanza lipigwe na hewa na baridi kali.

Zao lililodai ujuzi zaidi ni kitunguu. Wakulima wa Urusi walihifadhi vitunguu vidogo vya kupandia karibu na jiko, ndani ya nyumba, majira yote ya baridi. Leo twajua sababu: kitunguu kilichokaa muda mrefu katika baridi ya wastani hukimbilia kutoa maua, lakini kilichotunzwa katika joto hutumia nguvu zake kunenepesha tunguu. Wakulima waliitumia kanuni hiyo kabla ya wataalamu wa mimea kuieleza.

Hadi mwaka 1861 wengi wa wakulima hao walikuwa watwana wa makabaila. Bwana alidai kodi ya fedha, na fedha ilipatikana sokoni. Kwa hiyo wanaume wengi walisafiri kila mwaka kwenda kulima bustani za Moscow na St. Petersburg. Ujuzi wenyewe ukawa bidhaa, ingawa sioni kwamba makabaila wastahili sifa kwa hilo.

Reli kutoka Moscow ilipofika Yaroslavl kupitia Rostov, mwaka 1870, gulio maarufu la Kwaresima lilizidi kufifia, kwani mfanyabiashara hakulazimika tena kungoja msimu. Bustani hazikufifia. Njegere zilizokaushwa ziliuzwa mbali, pamoja na mizizi ya chikori iliyokaangwa na kusagwa, kinywaji cha watu ambao bei ya kahawa halisi iliwashinda.