Heroini ina methadoni, kokeini bado haina dawa

Tangu Februari 2011, waraibu wa heroini wanaotibiwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, hupewa methadoni ya maji. Mtu huinywa palepale mbele ya mhudumu, kisha akaenda zake kwenye shughuli. Mraibu wa kokeini au methamphetamini hana dozi ya namna hiyo. Hata Marekani, ambako utafiti ni mkubwa, mamlaka ya dawa, FDA, haijaidhinisha dawa yoyote ya kutibu uraibu wa vichangamshi hivyo.

Ugumu unaanzia kwenye ubongo. Heroini hunasa kwenye vipokezi maalumu vya seli za neva. Methadoni hukalia vipokezi hivyohivyo polepole na kwa muda mrefu, arosto, yaani mateso ya kukosa heroini, ikatulia. Vichangamshi vina njia nyingine. Huvuruga dopamini, kemikali inayomfanya mtu ahisi raha na kuitafuta tena. Seli ikishatoa dopamini, kwa kawaida huirudisha ndani. Kokeini huziba njia ya kuirudisha. Methamphetamini huigeuza, dopamini ikazidi kumwagika nje. Dawa itakayoishika njia hiyohiyo kwa nguvu inaweza kuleta ulevi uleule.

Ndiyo maana watafiti wanajaribu kupitia pembeni. Jaribio lililochapishwa Januari 2021 katika jarida la New England Journal of Medicine lilihusisha waraibu 403 wa methamphetamini nchini Marekani. Baadhi walichomwa sindano ya naltreksoni kila baada ya wiki 3 na kumeza kila siku bupropioni, dawa ya sonona inayosaidia pia kuacha sigara. Wengine walipewa dawa bandia. Aliyehesabiwa kufaulu ni yule ambaye angalau vipimo 3 kati ya 4 vya mkojo mwishoni mwa awamu ya jaribio havikukuta methamphetamini. Kwa waliopata dawa, walifaulu asilimia 13.6, kwa dawa bandia, asilimia 2.5. Yaani ukitibu watu 9, unapata mmoja wa ziada anayefaulu.

Kwa sasa tiba yenye ushahidi mzito zaidi si kidonge: ni kumpa mgonjwa zawadi ndogo, kama vocha, kila mkojo wake unapotoka safi, pamoja na ushauri nasaha.

Basi asitokee mtu akanunua dawa mbili za jaribio hilo na kujitibu nyumbani. Naltreksoni humtia kwenye arosto kali mwenye heroini mwilini, na bupropioni ikizidi huleta degedege hata kwa mtu mzima.