Barua Tatu na Friza Moja

Mpwa wangu alikuja Jumapili moja na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na barua tatu za kukubaliwa kusoma shahada ya uzamili katika sayansi za baiolojia: moja ya chuo cha umma hapa nyumbani, ya pili ya Ujerumani, ya tatu ya Uingereza. Baada ya shikamoo na marahaba akazipanga mezani kama karata.

"Mjomba, niambie ipi nafuu."

Alikuwa ameshachora jedwali lake kwenye daftari. Safu ya kwanza, jina la chuo. Safu ya pili, ada. Nyumbani aliandika milioni chache za shilingi. Uingereza, ambako kwa mwanafunzi wa kigeni pauni 20,000 kwa masta ya baiolojia ni jambo la kawaida, aliandika zaidi ya milioni 60. Ujerumani akaandika sifuri, akaizungushia duara mara mbili.

Nikamwomba aikunje safu ya ada isionekane, kisha tuanze upya. Mimi nilisoma masta ya baiolojia kabla sijaingia kwenye kuandika, na ada ndiyo pesa pekee ya masomo yale ambayo haikuwahi kunishangaza.

Tukaanza na ile sifuri. Ni kweli kwamba vyuo vikuu vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada, hata kwa Mtanzania. Lakini jimbo la Baden-Württemberg, lenye Heidelberg, Freiburg na Tübingen, miji ambayo mwanabaiolojia yeyote ameisikia, linawatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Kwa mihula minne ya masta hizo ni euro 6,000. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kilianza kutoza mwaka wa masomo 2024/25, na kwa masta ni euro 4,000 hadi 6,000 kwa muhula mmoja. Barua ya mpwa wangu ilitoka jimbo lingine, kwa hiyo sifuri yake ilikuwa ya kweli. Kilichobaki ni mchango wa muhula, ambao si mkubwa na mara nyingi ndani yake mna tiketi ya mabasi na treni.

Sasa ukurasa wa pili wa barua, ule ambao alikuwa hajausoma vizuri. Ili upewe viza lazima uonyeshe kwamba una pesa za kuishi mwaka mzima, na kiwango tangu Septemba 2024 ni euro 11,904. Unaziweka kwenye akaunti maalumu, Wajerumani wanaiita Sperrkonto, nawe ukifika unaruhusiwa kuchota euro 992 tu kila mwezi. Si ada. Ni pesa zako mwenyewe, na utazila mwenyewe. Ila lazima ziwepo zote kwa mkupuo kabla hujapanda ndege, na kwa viwango vya karibuni vya kubadilisha fedha ni zaidi ya shilingi milioni 30. Mwaka wa pili, ukienda kuongeza kibali cha kuishi, utaulizwa tena. Mwenye ufadhili haulizwi hayo, wala mwenye ndugu anayeishi kule aliye tayari kusaini rasmi kwamba atamtunza.

"Nitafanya kazi," akasema. Anaweza. Sheria inamruhusu siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280, na kazi nzuri kuliko zote kwa mtu wa fani yetu ni usaidizi wa maabara ndani ya chuo chenyewe, maana unalipwa huku unajifunza. Lakini mshahara huo hauwezi kuingia kwenye akaunti kabla ya viza. Kingine: bima ya afya ya bei ya mwanafunzi hutolewa kwa walio chini ya miaka 30. Yeye ana 28. Nikamwambia aandike hilo kwa wino mwekundu, kwa sababu kuahirisha masomo miaka miwili kungempandishia gharama ya kila mwezi bila yeye kufanya kosa lolote.

Uingereza tuliipitia haraka, na mzazi yeyote ataelewa kwa nini. Masta ya kule ni miezi 12. Kwa jicho la mlipaji huo ni uzuri wake mkubwa: kodi ya chumba ya mwaka mmoja badala ya miwili, na kurudi kazini mapema. Juu ya ada kuna tozo ya huduma za afya, pauni 776 kwa mwaka, na kwa kuwa viza hutolewa na miezi ya ziada baada ya kozi, mwanafunzi wa miezi 12 hujikuta analipia mwaka mmoja na nusu, yaani pauni 1,164, kabla hajaugua hata mafua. Lakini tangu Januari 2024 wanaosoma masta za madarasani hawaruhusiwi kwenda na mwenza wala watoto, isipokuwa wachache, kama waliofadhiliwa na serikali. Mpwa wangu ana mtoto wa miaka miwili. Akaikunja barua ile mwenyewe, akairudisha kwenye bahasha.

Ikabaki ya nyumbani, na hapa ndipo niliposogeza kiti.

Masta ya baiolojia ya hapa huwa na sehemu mbili: masomo ya darasani, kisha utafiti na tasnifu. Ada inalipia ya kwanza vizuri kabisa. Ya pili, kama msimamizi hana mradi wenye pesa, inalipiwa na wewe. Msomaji aliyesoma uchumi au sheria huenda asiamini. Yeye tasnifu yake ilikuwa vitabu, dodoso na nauli. Mwanabaiolojia hununua vitu vinavyoharibika.

Mpwa wangu anataka kuchunguza konokono wanaoeneza kichocho kwenye fukwe za Ziwa Victoria. Tukapiga hesabu bila hata kujua bei. Nauli ya Mwanza, mtumbwi wa kwenda visiwani, posho ya kijana wa kusaidia kuchota konokono, malazi. Na si mara moja, kwa sababu konokono wa kiangazi na wa masika si hesabu moja, na mtahini wa nje atauliza. Kisha maabara: vitendanishi vya kutoa DNA, praima za kuagiza, kimeng'enya kinachosafirishwa ndani ya mnyororo baridi na ambacho mzigo ukikwama uwanja wa ndege siku nne unapokea maji ya bei ghali. Ncha za pipeti. Glovu. Halafu kusoma mfuatano wa DNA, kazi ambayo maabara nyingi za vyuo vyetu huipeleka nje. Kila sampuli husomwa pande mbili. Sampuli 60 ni visomo 120, na zitakazogoma zirudiwe. Zidisha hata kwa dola chache tu, halafu kumbuka kuwa tozo ile inalipwa kwa dola na mshahara wako ni wa shilingi.

Akiamua kupima pia mkojo wa watoto wa shule ili aone maambukizi, anaingia kwenye kibali cha maadili ya utafiti. Angekuwa anafuatilia wanyamapori hifadhini, angeanza na maombi kupitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, kisha gari na posho ya askari wa kumlinda. Kwa konokono peke yao anaponyoka mengi ya hayo. Uchaguzi wa kiumbe ni uchaguzi wa bajeti, jambo ambalo hakuna aliyeniambia nilipokuwa na umri wake.

Mimi nilichagua kupe. Nilikusanya vichupa vyangu vya damu ya ng'ombe kwa miezi mitano, nikavihifadhi kwenye friza ya idara. Ikafika Pasaka, umeme ukakatika Ijumaa Kuu, jenereta halikuwa na mafuta, na mwenye ufunguo alikuwa kijijini kwao. Jumanne nilipofungua friza nilisikia harufu kabla sijaona chochote. Sikufeli. Nilirudi malishoni upya, nikavuka muda wa kozi, nikalipa ada ya kuongezewa muda, nikakosa mshahara wa karibu mwaka mzima. Ukiuliza masta yangu iligharimu kiasi gani, sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya friza ile.

Ndiyo maana swali langu kwa mpwa halikuwa chuo gani. Lilikuwa: msimamizi nani, na ana mradi gani?

Nchini mwetu hili si jambo la kubahatisha. Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro kina historia ndefu ya utafiti wa panya na wadudu waharibifu. Ndipo panyabuku wanaonusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu wanapofunzwa. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha ilijengwa kwa ajili ya masta na uzamivu tu, hakuna umati wa shahada ya kwanza wa kugombania nao darubini. Kwa anayependa bahari, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Zanzibar. Benki ya Dunia kupitia mpango wake wa vituo vya umahiri, ulioanza 2016, ilitia fedha kwenye vituo viwili Sokoine na viwili Nelson Mandela, na wanafunzi wengi walisomeshwa humo. Lakini mradi una tarehe ya kufa. Uliza unaisha lini, usiulize ulianza lini.

Kuna pia njia ya pembeni ambayo kwa maoni yangu ni nafuu yenye heshima kuliko zote: kusajiliwa chuoni lakini kufanya utafiti kwenye taasisi yenye vifaa. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wana kituo Mwanza, na kichocho ni kazi yao ya miaka mingi. Ukivuka mpaka, icipe ya Nairobi, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, ina mpango wa kupokea wanafunzi wa masta waje kufanyia tasnifu zao pale. Na kwa asiyeogopa kompyuta, kuna bioinfomatiki: Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kinaifundisha kwa ngazi ya masta. Data za DNA zimejaa kwenye hazina za wazi za dunia, bure. Kitendanishi chako ni bando la intaneti. Wapo wazee wa fani wanaoidharau baiolojia isiyolowesha mikono. Wao hawakulipia vitendanishi kwa mshahara wa mwalimu.

Mpwa wangu ni mwalimu wa sekondari wa serikali, mwaka wa tatu kazini, na hilo linageuza hesabu yote. Akipata ruhusa ya masomo, mshahara unaendelea. Tena uzoefu huo ni mtaji wa ufadhili: udhamini wa DAAD ya Ujerumani kwa kozi za maendeleo unadai angalau miaka miwili ya kazi baada ya shahada, na ule wa Taasisi ya Uswidi unadai saa 3,000 za kazi. Ubelgiji, kupitia VLIR-UOS, husomesha watu wa nchi kama zetu kwenye kozi mahususi, Ghent ikiwa na ufugaji wa viumbe wa majini na elimu ya minyoo duara. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,400 kwa mwezi, na ada humo haikuhusu. Kasoro ya hizi zote ni kalenda. Nyingi hufunguliwa na kufungwa kati ya Agosti na Februari kwa masomo ya mwaka unaofuata, na mtu anayesubiri barua ya chuo kwanza huwa amechelewa. Uchina, kwa kifupi: ufadhili wa serikali yake unakupa ada, bweni na yuani 3,000 kwa mwezi, na hakikisha kwa maandishi kwamba msimamizi atakufundisha kwa lugha unayoijua.

Marekani ni habari nyingine. Kule masta ya baiolojia kwa kawaida unajilipia, ila shahada ya uzamivu inalipiwa na chuo pamoja na posho, na unaweza kuiomba ukiwa na shahada ya kwanza tu. Anayetaka utafiti maisha yake yote asinunue masta ya Marekani. Aombe uzamivu moja kwa moja, kwanza akiwa ameangalia kama mlango wa viza uko wazi mwaka huo.

Alinihoji kuhusu kufundisha chuo kikuu. Nikamwambia ajira za uhadhiri huangalia GPA, na 4.0 ya masta ndiyo namba inayotajwa mara nyingi. Masta ya tasnifu tupu haitoi GPA. Cheti cha nje nacho lazima kitambuliwe na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Mambo haya mawili huulizwa kabla ya kulipa. Na wale mawakala wa kwenye maonyesho ya elimu, wenye fulana na kalamu za bure: wengi hulipwa na vyuo wanavyovitangaza. Sijawahi kumsikia hata mmoja akimshauri mtu asome bure.

Jioni jedwali lilikuwa limejaa pande zote mbili. Ujerumani ilibaki, lakini kwa sharti la ufadhili, maombi ya mwaka ujao. Ya nyumbani ilibaki kwa sharti la msimamizi. Akaamua kumpigia simu mwalimu aliyetajwa kwenye barua, akaweka spika ili nami nisikie. Akajitambulisha kwa adabu, akauliza kuhusu mradi. Upo, una miaka miwili mbele. Vitendanishi? Mradi utalipa vya wanafunzi wawili. Kisha akanitazama, akauliza:

"Samahani, Profesa. Friza ya sampuli ina jenereta?"

Simu ikawa kimya kidogo. Halafu mzee akacheka.

"Jenereta lipo, binti yangu. Mafuta ndiyo tunagombana na mhasibu."

Akashukuru, akakata. Akafungua ukurasa mpya wa daftari, akachora mstari, na juu ya safu ya kwanza akaandika: dizeli.