Asili ya Mfilipino Ughaibuni: Kweli au Uongo?

"Wafilipino wameanza juzi kufika Marekani, walipoletwa wauguzi."

Uongo, na uongo huu ndio unaomnyang'anya kijana babu zake. Sheria ya uhamiaji ya 1965 iliwafungulia mlango wauguzi na madaktari, hilo halina ubishi. Lakini mabaharia wa kisiwa cha Luzon, Ufilipino, walikanyaga pwani ya California, pale Morro Bay, mwaka 1587, wakiwa katika merikebu ya Wahispania. Mwaka 1906 vibarua wa kwanza waliingia mashamba ya miwa ya Hawaii. Kufikia miaka ya 1920 maelfu ya vijana, wengi wao Wailokano wa kaskazini mwa Luzon, walikuwa wakivuna mboga Stockton, wakichuma zabibu Delano na kusindika samaki Alaska.

Hata mgomo wa zabibu wa Delano, ambao wengi humhesabia César Chávez, kiongozi wa vibarua wa mashamba, waliuanza wao. Ilikuwa tarehe 8 Septemba 1965, na Larry Itliong alikuwa mmoja wa viongozi wao. Chama cha Chávez kilijiunga siku nane baadaye. Mwaka 2013 ndipo California ilipoagiza shule zake zifundishe mchango huo. Hesabu mwenyewe: kwa miaka 48 watoto walipita darasani bila kuambiwa.

"Asiyejua Kitagalog hana asili."

Uongo. Ufilipino ina lugha zaidi ya 170, na kwa wengi wa wazee wale wa mashambani Kitagalog hakikuwa lugha ya mama zao. Neno walilopewa kwa heshima, manong, yaani kaka mkubwa, ni la Kiilokano. Lugha zenyewe zimesafiri. Jaji kwa Kitagalog ni hukom, ndugu wa hukumu yetu, na mesa yao ni hii meza tunayolia chakula. Namsifu kila anayejifunza lugha ya bibi yake ukubwani. Ila asiambiwe asubiri mlangoni mpaka aimalize.

"Kazi ya jamii ni sadaka: kijana anatoa, mzee anapokea."

Anayesema hivi hajasikia habari za International Hotel, jengo la matofali katika mtaa wa Kearny, San Francisco. Hapo ndipo palipokuwa Manilatown, mtaa wa Wafilipino. Waliopanga vyumba vyake vidogo walikuwa hasa manong waliostaafu mashamba, meli na majiko ya mahoteli. Wengi hawakuwa na mke wala mtoto. Wanawake wa Kifilipino waliovuka bahari enzi zao walikuwa wachache mno, na sheria ya California iliwakataza kuoa wazungu hadi ilipobatilishwa mwaka 1948.

Mwaka 1968 wapangaji walipewa notisi ya kuhama, maana mwenye jengo alitaka mahali pa kuegesha magari. Mwaka huohuo wanafunzi wa chuo cha San Francisco State waligoma wakidai masomo ya historia za watu wao. Machi 1969 moto uliwaua wapangaji watatu hotelini. Vijana, wanafunzi hao wakiwemo, wakaja na rangi, nyundo na mabomba. Walikuja kukarabati vyumba. Jioni wakajikuta wamekaa kitandani kwa mzee wakisikiliza habari za Watsonville mwaka 1930, Wafilipino walipowindwa barabarani na Fermin Tobera akauawa kwa risasi akiwa kambini. Darasani habari hizo hazikuwepo. Na nyumbani? Wazazi wengi walinyamaza, kwani walitaka watoto wao wawe Wamarekani haraka. Kwa hiyo mzee asiye na mjukuu alimpata kijana ambaye babu yake alibaki ng'ambo ya bahari, na rangi ya kuta ilikuwa kisingizio tu.

Wafilipino wana neno bayanihan, kutokana na bayan: mji, taifa, watu. Picha yake ya zamani ni wanakijiji wakiinua nyumba nzima ya mianzi mabegani ili kumhamisha jirani. Aliyewahi kushika jembe kwenye msaragambo ataielewa bila mkalimani. Mtaani Kearny watu waligeuza picha hiyo: walishikana mikono ili jirani asihamishwe. Usiku wa kuamkia 4 Agosti 1977, maelfu walilizunguka jengo. Polisi waliwapita, wakawatoa wazee mmoja mmoja. Hoteli ikabomolewa mwaka 1979.

"Kazi ya jamii yenyewe ni ya vyakula na ngoma, haina hatari."

Uongo mchungu. Silme Domingo na Gene Viernes walizaliwa Marekani, na baba zao walikuwa wafanyakazi wahamiaji. Wao wenyewe walifanya kazi katika viwanda vya samaki Alaska, Viernes akaichimbua historia ya chama cha wafanyakazi hao, kisha wote wawili wakapigania kukisafisha na kumpinga Ferdinand Marcos, mtawala wa Ufilipino. Tarehe 1 Juni 1981 walipigwa risasi ofisini kwa chama, Seattle. Mwaka 1989 baraza la mahakama mjini humo liliwawajibisha Marcos na mkewe Imelda kwa mauaji hayo.

"Nimechelewa. Wazee wamekwisha."

Nusu kweli, na hii ndiyo inayoniuma. Jengo jipya la International Hotel, lenye nyumba za bei nafuu kwa wazee, lilifunguliwa mwaka 2005, na wengi wa waliofukuzwa walikuwa wameshazikwa. Stockton nako, Little Manila ilikuwa imevunjwa, sehemu kubwa ili kupisha barabara kuu. Mwanahistoria Dawn Mabalon, mjukuu wa mwenye mkahawa wa mtaa huo, alishirikiana na Dillon Delvo kuanzisha taasisi ya kuokoa kilichosalia. Katika mji huohuo, chini ya jengo la chama cha kale cha Wafilipino, yalikutwa masanduku ya safari ya vibarua ambao hawakurudi kuyachukua. Ndani mlikuwa na nguo, picha na barua. Kila moja lilihitaji watu wa kulifungua, kupangusa vumbi na kuuliza: huyu alikuwa nani?