Dripu, watoto 3,141 na hesabu ya nukuu

Mzazi wa Kilwa akiona mwanawe ametundikiwa dripu, moyo hutulia kidogo. Na dripu ikienda kasi, huhesabu kwamba tiba imekolea. Kwa miaka mingi madaktari nao waliona hivyo: mtoto mahututi kwa homa, mikono na miguu imepoa, damu haizunguki vizuri, apewe maji mengi ya mshipani kwa muda mfupi. Vitabu vilifundisha hivyo, na vingi viliandikwa na watu wa hospitali zenye mashine za kupumulia.

Kathryn Maitland, daktari wa watoto na mtafiti wa Kilifi, Kenya, alitaka ushahidi. Kuanzia 2009 yeye na wenzake waliandikisha watoto 3,141 katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Kwetu ilikuwa hospitali ya Teule, Muheza. Watoto waligawanywa kwa kura: kundi moja lilipewa maji ya chumvi kwa kasi, la pili maji ya albumini (protini ya damu) kwa kasi, la tatu maji ya kawaida taratibu. Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati. Katika saa 48 za mwanzo, kwenye makundi mawili ya dripu ya kasi walifariki zaidi kidogo ya watoto 10 katika kila 100. Kwenye kundi la taratibu walifariki 7. Wengi walidhani mapafu yalijaa maji, lakini uchambuzi wa 2013 ulionyesha kwamba tatizo kubwa lilikuwa moyo na mzunguko wa damu kushindwa.

Utafiti huo, uitwao FEAST, ulichapishwa mwaka huohuo wa 2011 katika New England Journal of Medicine. Umekwisha kunukuliwa na makala nyingine zaidi ya elfu moja, na ni miongoni mwa kazi kutoka Afrika zinazotajwa sana katika tiba ya wagonjwa mahututi.

Kunukuliwa ni nini? Mtafiti akiandika, hutaja kazi alizozitegemea au anazozipinga, na kila kutajwa huhesabiwa. Hesabu hiyo aliianzisha Eugene Garfield wa Philadelphia kwa faharasa yake ya 1964. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akaongeza kipimo kiitwacho h: mwenye makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20, h yake ni 20. Wapo wanaopandishwa vyeo kwa namba hiyo. Ina kasoro ya kuchekesha: makala moja ikitajwa mara elfu mbili, haiongezi h zaidi ya makala iliyotajwa mara 20.

Kasoro kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba nukuu haisemi kama aliyenukuu amekubali. Sehemu ya nukuu za FEAST ni za waliobisha, wakisema matokeo yale hayahusu hospitali zenye vyumba vya wagonjwa mahututi. Kubisha kumeingia kwenye hesabu sawa na kuunga mkono. Shirika la Afya Duniani nalo liliendelea kupendekeza maji ya kasi katika mwongozo wake wa 2013, likaupunguza ushauri huo 2016. Miaka mitano ilipita huku nukuu zikipanda.

Namba hizo pia hazifiki wodini. Mwaka 2015 zilichapishwa habari za chumba cha wagonjwa mahututi cha Muhimbili, ambako wauguzi walipewa utaratibu mwepesi: pima mapigo, presha, pumzi na oksijeni, ukikuta hatari chukua hatua hapo hapo. Vifo kwa jumla havikupungua waziwazi, ila kwa waliofika presha ikiwa chini sana vilipungua. Hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, au Sokoine, Lindi, zinahitaji kazi ya namna hiyo, hasa kwa kuwa rufaa ya Dar es Salaam inategemea barabara moja. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara hiyo ilikatika upande wa Somanga. Siku kama hizo mgonjwa hutibiwa pale alipo, kwa kipimo cha oksijeni, mtungi na muuguzi aliye macho. Muuguzi wa zamu ya usiku hana makala, kwa hiyo hana h.

Jambo moja msomaji alishike sawasawa. FEAST haikuwaandikisha watoto wa kuharisha na kutapika, wala wenye utapiamlo mkali. Mtoto aliyekaukiwa maji kwa kipindupindu au kuhara anahitaji maji haraka: ORS akiweza kunywa, dripu ya kasi akiwa amelegea. Mzazi asiikatae dripu kwa kuwa amesoma habari hii. Amweleze muuguzi mapema kama mtoto ameharisha, mara ngapi, na alikojoa lini mara ya mwisho.