Je, Wajua? Homa ya Mafua Ikija Tena

Je, wajua kwamba homa ya mafua ya mwaka 1918 iliua zaidi ya mtu mmoja kati ya kila watano katika Samoa ya Magharibi, na kwa majirani zao wa Samoa ya Marekani haikuua hata mmoja? Meli iitwayo Talune, iliyotoka Auckland, New Zealand, ilitia nanga Apia tarehe 7 Novemba 1918 ikiwa na wagonjwa ndani. Abiria wakaachiwa washuke. Watu wapatao 8,500 wakafa. Upande wa pili wa bahari, gavana wa Samoa ya Marekani, John Poyer, alikuwa amekwisha kupata habari za ugonjwa huo kwa redio. Aliamuru vyombo vizuiwe, na wanakijiji wenyewe wakalinda fukwe ili hata mtumbwi wa jamaa zao usifike pwani. Hao ni ndugu wa damu, wanasema lugha moja, na kirusi kilichowatishia kilikuwa kile kile.

Nimetanguliza visiwa hivyo kwa sababu kila mafua ya ndege yanapotangazwa redioni, watu huulizana: je, tuwe na wasiwasi? Naamini wasiwasi una mahali pake, ila mara nyingi tunauelekeza kusikostahili. Tunaogopa jina la kirusi, ilhali vifo hutegemea sana mwili kilioukuta una afya gani, msaada uko umbali gani, na watu walifanya nini siku za mwanzo.

Na kwetu je? Ugonjwa wa 1918 uliingia Mombasa kwa meli mwezi Septemba, kisha ukapanda garimoshi kuelekea bara. Wakati huo Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inamalizika. Maelfu ya wapagazi waliobebeshwa mizigo ya majeshi walikuwa wanarudi makwao wamekonda, wana malaria na kuhara, nao wakawa miguu ya ugonjwa hadi vijiji ambavyo reli haikufika. Jeshi la jenerali Mjerumani Lettow-Vorbeck, lililojisalimisha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba, lilikuwa tayari linauguza watu wake. Na Ugogo, katikati ya Tanzania ya leo, watu walikuwa ndani ya njaa wanayoiita Mtunya, ya 1917 hadi 1920. Majeshi yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakosekana. Mafua yalipofika yalikuta watu waliokuwa wamekwisha kuchoka kabla ya kuugua. Duniani kote ugonjwa huo unakadiriwa kuua watu milioni 50, ingawa wapo wanaotaja idadi ndogo zaidi na wapo wanaotaja mara mbili yake.

Wengi wa waliokufa mwaka huo hawakumalizwa na kirusi peke yake. Wanasayansi wa Marekani walichunguza vipande vya mapafu vilivyohifadhiwa tangu wakati ule, na mwaka 2008 wakaeleza walichokiona: bakteria walikuwa wameingia nyuma ya kirusi, wakaleta nimonia. Kirusi huchubua utando wa njia ya hewa, na bakteria waliokuwa wakiishi puani na kooni bila kudhuru mtu wakapata njia ya kushuka. Penisilini haikuwapo, Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928. Leo kidonge cha kutibu nimonia kinapatikana hata zahanati ndogo, kama hakijaisha. Hilo neno "kama" ndilo linaloninyima usingizi kuliko kirusi chochote.

Kirusi chenyewe cha 1918 tumekifahamu kwa sababu ya kaburi la barafu. Katika kijiji cha Brevig Mission, Alaska, watu wazima 72 kati ya 80 walikufa mwezi Novemba mwaka huo wakazikwa katika ardhi isiyoyeyuka. Mtafiti Johan Hultin alifukua kaburi hilo mwaka 1951 kwa ruhusa ya wazee wa kijiji, akashindwa kukiotesha kirusi. Alirudi mwaka 1997, akiwa na miaka 72, na mkasi wa bustani wa mkewe mkononi, akapata mapafu ya mwanamke ambaye mafuta ya mwili yalikuwa yameyakinga yasioze. Kufikia 2005 wanasayansi walikuwa wamesoma vinasaba vyote vya kirusi hicho.

Je, wajua kwamba si lazima kirusi kiwe kipya ndipo kiue? Mwaka 2002, katika wilaya ya Ikongo huko Madagaska, mamia ya watu walikufa kwa ugonjwa wa kifua, watoto wakiwemo. Vipimo vilionyesha aina ya H3N2, ile ile iliyokuwa ikizunguka sehemu nyingine za dunia bila kutikisa mtu. Tofauti ilikuwa utapiamlo na umbali wa hospitali. Mwishoni mwa 2024 yakatokea yanayofanana na hayo Panzi, mkoa wa Kwango, Kongo. Vyombo vya habari vya mbali vilitangaza ugonjwa wa ajabu usiojulikana, na hofu ikapanda ndege kabla ya madaktari, ambao kutoka Kinshasa walilazimika kusafiri kwa barabara mbovu kama siku mbili wakati wa mvua. Walipopima walikuta malaria, pamoja na virusi vya kawaida vya njia ya hewa, homa ya mafua ya H1N1 ikiwemo, ndani ya miili ya watoto wenye utapiamlo. Kufikia katikati ya Desemba wagonjwa 891 walikuwa wameandikishwa na 48 wamekufa. Hapakuwa na siri yoyote ya kisayansi pale. Palikuwa na watoto wenye njaa, na dawa iliyokuwa mbali nao. Habari ilipogeuka kuwa hiyo, kamera zikaondoka, jambo ambalo hadi leo naliona ni dhuluma.

Mafua ya ndege nayo? Makao ya asili ya virusi vya mafua ya aina ya A ni ndege wa majini, na wengi wao hubeba bila kuugua. H5N1 ya leo asili yake ni kirusi kilichopatikana kwa bata bukini huko Guangdong, China, mwaka 1996. Mwaka uliofuata kiliwapata watu 18 mjini Hong Kong na kuua 6. Serikali ikachinja kuku wote wa mji, zaidi ya milioni moja. Mwezi Machi 2024 kikagunduliwa kwa ng'ombe wa maziwa nchini Marekani, jambo ambalo wataalamu wengi hawakulitarajia. Tangu 2003 Shirika la Afya Duniani limehesabu wagonjwa zaidi ya 900, na karibu nusu wamekufa. Idadi hiyo inatisha, lakini angalia upande wake wa pili: katika zaidi ya miaka 20, na kuku wagonjwa wasiohesabika, kirusi bado hakijajua kupita kirahisi kutoka mtu hadi mtu. Kinapenda kujishikiza kwenye chembe ambazo kwa binadamu zimejaa chini kabisa ya mapafu, si puani na kooni ambako kikohozi kingekirusha kwa jirani. Kinaweza kujifunza. Ndiyo sababu wanaofuatilia hawalali.

Ziwa Victoria limekwisha kuonja mafua ya ndege. Januari 2017 ndege wa porini walikutwa wamekufa kwa wingi ufukweni Uganda, karibu na Entebbe. Kirusi kilikuwa H5N8, na Kenya ikafunga mpaka kwa kuku na mayai ya Uganda. Wa kwanza kuona mizoga ile walikuwa watu wa kawaida wa ufukweni. Basi anayekuta kuku wa jirani wamekufa ghafla asichinje waliobaki wala kuwauza haraka haraka sokoni. Amwite afisa mifugo. Nyama na mayai vikipikwa vikaiva kabisa, kirusi kinakufa.

Hofu nayo ina gharama. Mwaka 1976 askari mmoja kijana alikufa Fort Dix, Marekani, kwa mafua ya nguruwe, na serikali ikachanja zaidi ya watu milioni 40 kwa miezi michache. Mlipuko haukuja. Baadhi ya waliochanjwa, kama mmoja katika kila laki, wakapata ugonjwa wa kupooza uitwao Guillain-Barré, na zoezi likasitishwa. Siwalaumu waliotoa uamuzi huo. Walikuwa wakiikumbuka 1918.

Basi mtu wa kawaida aangalie nini nyumbani? Mafua mepesi hukufanya upenge kamasi ukaendelea na kazi. Homa ya mafua hukulaza ghafla: joto, misuli kuuma, kikohozi kikavu. Wengi hupona kwa kupumzika na kunywa vya kutosha, na dawa za bakteria haziui kirusi. Lakini mtoto anayehema mbio, ambaye kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi, au asiyeweza kunyonya wala kunywa, apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Vivyo hivyo mjamzito, mzee, mwenye pumu au kisukari anayeanza kukosa pumzi. Anayeonekana amepona kisha homa ikarudi na kikohozi kikali, huenda ana nimonia kama ile ya 1918, naye anatibika.

Na je, wajua kwamba ukoo mzima wa virusi vya mafua unaonekana kuwa umetoweka? Unaitwa B/Yamagata, nao ulizunguka dunia kwa miongo kadhaa ukilaza watu kila mwaka. Mwaka 2020, kwa ajili ya korona, watu walivaa barakoa, wakanawa mikono, wakasitisha safari na wenye homa wakabaki nyumbani. Tangu Machi mwaka huo hakuna maabara popote iliyothibitisha mgonjwa wa Yamagata. Septemba 2023 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walishauri uondolewe kwenye chanjo.