Kikokotoo Hakisahau

Kikokotoo cha pensheni ya mtumishi wa umma wa Tanzania Bara huuliza mambo mawili: umechangia miezi mingapi, na wastani wa mshahara wako katika miaka mitatu bora ni kiasi gani. Zidisha, kisha gawanya kwa 580. Chini ya miezi 180, pensheni ya kila mwezi huipati.

Tuchukue mfano wa kubuni. Juma ana miezi 360 na wastani wa shilingi 1,200,000. Asha alichelewa kuajiriwa, kisha akaacha kazi miaka kadhaa akimuuguza mama yake. Ana miezi 200 na wastani wa shilingi 600,000. Kazini, mshahara wa Juma ulikuwa mara mbili ya ule wa Asha. Ustaafuni, kabla ya kutoa mkupuo, yaani sehemu inayolipwa kwa mara moja, pensheni ya Juma ni kama shilingi 745,000 kwa mwezi, ya Asha 207,000: zaidi ya mara tatu na nusu. Hakuna aliyemdhulumu Asha siku ya kuaga ofisi. Pengo la mshahara limezidishwa kwa pengo la miezi, basi.

Mlimbikizo wa namna hii una jina. Mwaka 1968 mwanasosholojia Robert Merton alieleza jinsi wanasayansi wenye jina wanavyozidi kuvuta sifa, akaliita jambo hilo athari ya Mathayo, kwa kuikumbuka Injili isemayo mwenye kitu huongezewa. Mwaka 1987 mwanasosholojia mwenzake Dale Dannefer aliipeleka hoja hiyo kwenye uzee: watu wa rika moja huzidi kuachana kadiri miaka inavyokwenda. Uzee hauwasawazishi.

Mwili nao una daftari lake. Kuanzia 1967, watafiti jijini London waliwapima wanaume zaidi ya 17,000 waliokuwa watumishi wa serikali, katika utafiti uitwao Whitehall. Wote walikuwa na ajira, na matibabu ya umma yalikuwa bure. Hata hivyo, vifo vya maradhi ya moyo kwa wahudumu wa ngazi ya chini kabisa vilikuwa takriban mara tatu ya vile vya wakubwa wao. Sigara na presha vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Walipofuatiliwa kwa miaka 25, ilionekana kwamba cheo kiliendelea kutenganisha vifo vyao hata baada ya kustaafu. Meza waliiacha ofisini, lakini ngazi waliondoka nayo.

Zanzibar ilijaribu kuukata mnyororo unaozibeba tofauti za kazini hadi uzeeni. Mwaka 2016 ilianzisha pensheni jamii kwa wakazi wenye miaka 70 na zaidi, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni fedha kidogo, lakini mvuvi na mkulima wa mwani ambao hawajawahi kushika hati ya mshahara hawaulizwi miezi. Wanaulizwa umri na ukazi tu. Na kuufikia umri huo, kama wahudumu wa Whitehall walivyotuonyesha, nako hakugawanywi sawa.