Kwa nini video za 'kizamani' bado zinadunda

Umefika ushago na filamu mpya kwenye flashi. Unaichomeka kwa deki ya shosho, familia nzima imeketi kitako, kisha runinga inaandika kwamba faili haisomeki. Aibu! Lakini ile ya AVI uliyoidharau inacheza bila shida.

Siri iko kwenye chipu. Deki ya DVD hutoka kiwandani ikijua kusoma aina chache tu za video, na ni nadra kufundishwa nyingine. AVI ilitolewa na Microsoft mwaka wa 1992. H.265, inayobana filamu nyingi za kisasa, ilikuja 2013. Deki iliyoundwa kabla ya hapo itaijulia wapi? Kabambe nayo inaelewana na 3GP, iliyobuniwa kwa ajili ya simu za 3G: picha ndogo, faili nyepesi, memori kadi haijai haraka.

Kwa hivyo usicheke wanaong'ang'ania ya kale. Wanajua mashine waliyo nayo.

Ila kuna hatari. Video ya harusi ya wazazi wako huenda iko kwenye CD iliyojaa mikwaruzo. Deki ikifa, utaitazama wapi, na laptopu nyingi siku hizi hazina pa kuingizia CD? Inakili sasa. VLC, programu ya bure, husoma karibu kila aina. Ukitaka ya simu, geuza nakala iwe MP4, lakini ile asili usiifute, kwani ukigeuza, ubora kwa kawaida hupungua.

Harusi ile haitarudiwa, bana.